Mtu, mashine, tuzo au rafu: kitabu chako kijacho ukitafute wapi?

Ujumbe wa mjomba ulikuwa mfupi: "Mwanangu, nitafutie kitabu." Nikamwamkia, kisha nikamuuliza anataka kitabu cha aina gani. Akajibu: "Kizuri."

Wiki hiyohiyo dada yangu alikuwa akinilalamikia kuhusu binti yake wa miaka tisa. Kila kitabu anachopewa anakwenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho, anaangalia namba, anakirudisha mezani. Mdogo wetu wa miaka 16 yeye alikuwa anamaliza riwaya nne kwa mwezi, na hakuna mtu mzima katika familia aliyewahi kusikia hata moja kati ya hizo. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye riwaya za upelelezi. Nilikuwa nimesoma nyingi mno kiasi kwamba muuaji nilikuwa namjua kabla hata maiti haijapoa.

Basi nikajikuta na wasomaji wanne, umri mbalimbali, kila mmoja na shida yake. Kwa miezi kadhaa nilijaribu kila njia ninayoijua ya kupata vitabu: nikauliza watu, nikafuata programu, nikapekua orodha za tuzo, nikazurura kwenye rafu. Nilichokiona ni kwamba kila njia inajua kitu kimoja tu. Rafiki anakujua wewe. Programu inaujua umati. Tuzo inajua waamuzi wachache walikubaliana nini chumbani. Rafu inajua mada. Tukikosea, mara nyingi tumeiuliza njia jambo ambalo haikujaliwa kulijua.

Kabla ya yote, mlango

Tukitaka kitabu kipya wengi wetu hutaja utanzu: nataka mapenzi, nataka historia, nataka fantasia. Utanzu unasaidia kupanga vitabu, ila hauelezi kwa nini ulikipenda kile cha mwisho. Nancy Pearl, mkutubi aliyejulikana sana kwa kazi yake Seattle, ana maelezo ambayo mimi nayaona yana faida zaidi. Anasema msomaji huingia kitabuni kwa mlango mmoja kati ya minne: kisa, wahusika, mandhari au lugha. Wa kisa halali mpaka ajue kilichofuata. Wa wahusika akimaliza kitabu anajiona kama amesindikiza mgeni aliyemzoea. Wa mandhari anataka kupelekwa mahali, iwe mji wa kale au sayari isiyokuwepo. Wa lugha anasoma sentensi mara mbili, kisha anamsomea aliye karibu, apende asipende.

Nilijipima mwenyewe. Nikachukua riwaya tatu za upelelezi nilizozipenda kuliko zote na kujiuliza nakumbuka nini. Wauaji nilikuwa nimewasahau, wote watatu. Nilichokikumbuka ni mvua iliyonyesha sura nzima, bandari usiku, ngazi za jengo bovu ambalo mpelelezi alilipanda akihema. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa msomaji wa miji, na upelelezi ulikuwa kisingizio cha kutembezwa mitaani. Kuanzia siku hiyo nikaanza kutafuta vitabu vya safari na historia za miji, tanzu ambazo sikuwahi kuzigusa.

Mjomba nilimuuliza kitabu cha mwisho alichokipenda kilikuwa kipi. Kilikuwa cha shuleni, zaidi ya miaka 50 iliyopita, na jina halikumbuki. "Lakini yule mzee," akasema, "yule mzee alikuwa mkaidi! Walimwambia ahame, hakuhama." Nikajua papo hapo: wahusika. "Kizuri" cha mjomba ni kitabu chenye mtu mkaidi ndani yake.

Fanya zoezi hili kabla hujafungua programu yoyote. Utajiokolea muda mwingi.

Mtu na mashine

Hizi mbili hushindanishwa sana, basi tuziweke bega kwa bega.

Programu za kupendekeza vitabu hufanya kazi kwa wazo rahisi: waliosoma hiki, walisoma na kile. Wahandisi wa Amazon walilieleza wazo hilo hadharani mwaka 2003. Badala ya kuhangaika kutafuta mtu anayefanana na wewe, mashine inalinganisha bidhaa kwa bidhaa, ione zipi huchukuliwa na watu walewale. Ni njia ya kasi na kwa kazi moja haina mshindani, nayo ni kukuletea zaidi ya kile unachokipenda tayari. Umemaliza mfululizo wa fantasia wa vitabu vitano na unataka mwingine wa mwendo huohuo? Uliza mashine. Rafiki yako atakutajia viwili, mashine itakutajia arobaini.

Ubovu wake unaonekana unapotaka kubadilika. Mashine haijui kwa nini ulipenda. Iliona nimesoma upelelezi, ikanipa upelelezi. Miji yangu na mvua yangu haikuviona kwa sababu havimo kwenye hesabu zake. Tena haijui nani ameshika simu. Siku moja nilitafuta vitabu vya picha vya mtoto wa jirani aliyetimiza miaka mitatu. Kwa majuma mengi baadaye nilikuwa napendekezewa sungura, tembo mwenye haya, na kitabu cha kujifunza kutumia choo. Kama nyumbani kwenu mnatumia akaunti moja wakubwa kwa wadogo, mapendekezo mnayopata ni ya mtu ambaye hayupo.

Kuna tatizo jingine linalotugusa sisi tunaosoma Kiswahili. Mashine inahitaji umati. Kitabu kilichopewa alama na watu laki moja inakiona vizuri; kilichopewa na watu tisa ni kama hakijaandikwa. Vitabu vingi vya Kiswahili viko kundi hilo la pili. Kwa hiyo ukiitegemea mashine peke yake, polepole itakuhamishia lugha nyingine, na hakuna atakayekuwa amekusudia hivyo.

Programu zenyewe hazifanani. Goodreads, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, ina watu wengi na maoni mengi, na hiyo ndiyo nguvu yake. StoryGraph ni changa zaidi, imetengenezwa na Nadia Odunayo, na inakuruhusu kuchuja vitabu kwa hali ya moyo na kwa mwendo: kitabu cha huzuni kinachokwenda polepole, au cha kuchekesha kinachokimbia. Kwa mtu anayeujua mlango wake, mimi ningemwelekeza huko. LibraryThing, iliyoanza 2005, inawafaa wale wanaopenda kuorodhesha kila kitu walichonacho. Ni ya watu wenye hulka ya ukutubi, na maoni yake mara nyingi yana utulivu.

Popote utakapokuwa, nyota zisikubabaishe. Wastani wa vitabu vingi hujikusanya katikati ya tatu na nusu na nne na nusu, kwa hiyo tofauti ya sehemu ya kumi moja au mbili ya nyota haina maana yoyote. Soma malalamiko badala yake. Mtu akiandika "kurasa mia nzima wanatembea tu mjini, hakuna kinachotokea," ametoa nyota moja, na mimi nimeshapata kitabu.

Mtu naye? Mtu anayekujua ana kitu ambacho mashine haina, nacho ni aibu. Akikupa kitabu kibovu, mtaonana tena. Ndiyo maana rafiki mzuri hufikiri kabla ya kutaja. Ila tahadhari: marafiki wengi hutupendekezea vitabu walivyovipenda wao, na wakati mwingine vitabu wanavyodhani tunapaswa kuvipenda. Mjomba aliwahi kupewa na rafiki yake wa zamani kitabu kinene cha uchumi. Kimekaa chini ya redio miaka minne, na redio inasikika vizuri.

Mkutubi ni habari nyingine. Huyu kazi yake si kukupa anachokipenda yeye. Ranganathan, mkutubi wa India aliyeandika kanuni tano za ukutubi mwaka 1931, aliweka mbili kati yake hivi: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Nilikwenda na mpwa wangu maktaba moja, nikaanza kumweleza mkutubi umri wake na darasa lake. Yule mama alininyamazisha kwa kiganja, akainama mpaka usawa wa macho ya mtoto, akamuuliza: "Kitabu gani cha mwisho ulikiacha katikati?" Hakumuuliza alichokipenda. Mtoto, ambaye nyumbani hujibu kwa mabega, akaeleza dakika tano kamili: maneno madogo, picha hakuna, na msichana wa kwenye hadithi alikuwa analia kila sura. Mkutubi akaondoka akarudi na vitabu vitatu. Viwili vilikuwa vya katuni. Dada yangu alipoviona alinuna kidogo, lakini nitarudi kwenye hilo.

Ukitaka msaada wa kweli kutoka kwa mkutubi, mpe ulichokiacha na sababu yake. Chuki yetu ni wazi kuliko mapenzi yetu.

Tuzo: kwa kuingia utanzu usioujua

Nilikuwa nazidharau tuzo. Sasa nazitumia, ila kwa kazi maalumu: ninapotaka kuvuka kwenda utanzu ambao sina rafiki ndani yake na mashine haina kumbukumbu yangu humo.

La kwanza la kujua ni kwamba mshindi ndiye kitabu chenye maelewano mengi, na maelewano huwa na bei yake. Booker, tuzo ya riwaya za Kiingereza iliyoanza kutolewa mwaka 1969, huwa na jopo la waamuzi ambao kwa kawaida ni watano. Wanapitia vitabu zaidi ya mia, wanatangaza orodha ndefu ya kama 12 au 13, kisha orodha fupi ya sita, kisha mmoja. Mwamuzi mmoja anaweza kuwa alikililia kitabu fulani na kukipigania mpaka usiku, kikashindwa kwa kura. Hicho kiko kwenye orodha ndefu. Mimi huanza huko, huwa sianzi na mshindi.

La pili: tuzo huchelewa. Abdulrazak Gurnah alipewa Nobel mwaka 2021. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987. Msomaji aliyekuwa akizurura kwenye rafu mwaka huo angeweza kuitangulia Kamati ya Nobel kwa miaka 34.

La tatu ni kujua tuzo inapima nini. International Booker, ambayo kwa sura yake ya sasa imekuwa ikitolewa kila mwaka tangu 2016, ni ya vitabu vilivyotafsiriwa kwenda Kiingereza, na zawadi yake ya pauni 50,000 hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri. Ni mlango wa kuingilia fasihi za dunia. Kwa Kiswahili ipo tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye ikabadili jina kuwa Safal. Ukiuliza ushairi mpya au riwaya mpya za Kiswahili ziko wapi, orodha zake za miaka iliyopita ni mahali pazuri kuliko programu yoyote ninayoijua, kwa sababu hapo umati hauhitajiki. Wanahitajika wasomaji makini wachache.

Kwa vitabu vya watoto tuzo ni za zamani sana. Newbery ya Marekani imetolewa tangu 1922. Caldecott, inayotazama picha, tangu 1938. Tuzo ya Hans Christian Andersen, ya kimataifa, tangu 1956, nayo hupewa mwandishi, na mchoraji pia, kwa kazi zake zote. Tatizo unaliona mwenyewe: waamuzi ni watu wazima. Kitabu kinaweza kuwa kizuri kwa mzazi anayekisoma kwa sauti na kikawa adhabu kwa mtoto anayekisoma peke yake. Caldecott ndiyo ninayoiamini zaidi kwa wadogo, kwa sababu picha nzuri mtoto na mtu mzima huwa wanakubaliana haraka. Zipo pia tuzo ambazo watoto wenyewe hupiga kura. Ukizipata, ziweke mbele ya nyingine.

Rafu

Kuzurura kwenye rafu ndiyo njia pekee inayokupa kitu ambacho hukukitafuta na hakuna aliyekusudia ukipate. Kwa hadithi za kubuni, kusema kweli, inategemea bahati, kwa sababu maktaba nyingi huzipanga kwa jina la mwandishi, na herufi M haina ladha yake. Kwa vitabu vya maarifa rafu ina akili kuliko unavyodhani.

Sababu ni namba kwenye mgongo wa kitabu. Mfumo wa Dewey, uliochapishwa na Melvil Dewey mwaka 1876, umegawa maarifa yote kuanzia 000 hadi 999, na vitu vinavyofanana hukaa jirani. 500 ni sayansi, 900 ni historia na jiografia. Mtoto anayependa dinosaria hahitaji pendekezo la mtu. Anahitaji kufundishwa 567.9, akaachwa. Anayependa mpira aende 796. Nyota na sayari ni 520. Ndege ni 598.

Mpwa wangu anapenda kuwashinda watu kwa maswali. Nikamwonyesha 398. Hapo ndipo zilipo ngano, 398.2, na vitendawili, 398.6. Ajabu ni kwamba Dewey hakuviweka kwenye fasihi. Aliviweka kwenye mia tatu, pamoja na elimu ya jamii, jirani na mila. Mtu anaweza kugombana na uamuzi huo siku nzima, lakini kwa mtoto umekuwa neema: vitendawili havijasongamana na riwaya nene za kutisha. Alikaa sakafuni, migongo ya vitabu ikiwa usawa wa uso wake, akawa anavuta kimoja, anakitazama, anakirudisha, anavuta kingine. Alivuta kumi na moja. Alichukua viwili. Uwiano huo ni mzuri. Ukivuta viwili na kuchukua viwili, hujazurura.

Kuna kipimo kidogo cha vidole vitano kinachotumika sana na walimu, na rafu ndiyo mahali pake. Mtoto anafungua ukurasa wowote, anasoma, na kila neno asilolijua anainua kidole. Vidole vitano vikisimama kabla ukurasa haujaisha, kitabu ni kigumu kwa sasa. Kisiposimama hata kimoja, huenda ni chepesi, ingawa chepesi si kosa. Kizuri cha kipimo hiki ni kwamba anayeamua ni mtoto, na hakuna anayemtangazia kiwango chake.

Hapo ndipo nilipojibizana na dada. Alisema katuni si vitabu. Mimi nasema mtoto anayeangalia namba ya ukurasa wa mwisho hajashindwa kusoma, anaogopa urefu. Katuni ya kurasa 200 inaisha mchana mmoja, na jioni yake mtoto huyo ni mtu aliyemaliza kitabu cha kurasa 200. Woga umeisha. Dada hakukubali, lakini hakuvirudisha.

Mkiwa mbali na maktaba, rafu zipo pia mtandaoni, na kwa watoto ni nzuri. African Storybook, mradi uliozinduliwa 2014, una hadithi fupi za bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zimepangwa kwa ngazi. StoryWeaver ya Pratham Books, iliyoanza 2015, inafanya kazi ya namna hiyo kwa lugha za dunia nzima. Kwa wakubwa ipo Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, yenye vitabu ambavyo haki miliki imekwisha Marekani. Humo kuna bahari ya vitabu vya kale, na mpangilio wake hauvutii. Nenda ukijua unachotafuta.

Klabu na video, kwa ufupi

Klabu ya vitabu inakupa tarehe. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Kitabu ambacho peke yako ungekiacha sura ya tatu unakimaliza kwa sababu Jumamosi utaulizwa. Inakutoa kwenye utanzu wako bila kukuomba ruhusa. Hasara yake ni kwamba baada ya mwaka mmoja klabu hupata ladha ya pamoja, na ladha hiyo mara nyingi ni ya yule anayeongea zaidi.

Video fupi za vitabu watu wazima huzicheka. Mimi nimeacha kuzicheka. Tangu 2020 hivi zimefufua hata vitabu vilivyokuwa vimeshasahauliwa miaka mingi baada ya kutoka. Mdogo wangu hazungumzi kwa tanzu hata kidogo. Anataka "maadui wanaoishia kupendana", au "familia ya kuokoteza", au "nitalia basi". Ukisikiliza vizuri, hiyo ni lugha ya milango: anajua anachokitaka na anajua jina lake. Nilipomuuliza kwa nini hatumii orodha za tuzo akasema, "Dada, zile hazisemi kama nitalia." Sikuwa na jibu. Kwa kijana anayesoma tayari, usibadilishe njia yake. Kasoro moja tu: kwenye video watu elfu moja husifu kitabu kile kile kwa wiki moja, na kingine kizuri sawasawa hakitajwi kabisa. Kwa hilo mpe njia ifuatayo.

Kufuata uzi

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyosahaulika. Kitabu ulichokipenda kina majina mengi ndani yake zaidi ya lile la jaladani. Geuza ukurasa wa haki miliki. Mchapishaji ni nani? Wachapishaji wadogo hasa wana ladha moja inayotambulika, na ukipenda vitabu vyao viwili kuna matumaini ya cha tatu. Kama ni tafsiri, mfasiri ni nani? Wafasiri wengi huchagua wanachokitafsiri, hivyo kumfuata mfasiri ni kumfuata msomaji hodari aliyesoma kila neno mara kumi. Kisha nenda kwenye shukrani. Waandishi hushukuru wahariri wao na waandishi wenzao waliowasomea mswada. Hao wenzao wana vitabu.

Kwa vitabu vya maarifa uzi uko kwenye marejeo. Nilipoanza kusoma historia za miji nilichukua vitabu vitatu vya waandishi tofauti, nikafungua kurasa za nyuma, nikatafuta kitabu kinachotajwa na wote watatu. Kilikuwepo. Kilikuwa cha zamani, hakina video, hakina tuzo, na ndicho kitabu bora nilichosoma mwaka ule.

Kwa ushairi na hadithi fupi uzi ni mkusanyo. Diwani ya mshairi mmoja ni ndoa. Mkusanyo wa washairi wengi ni kuamkiana tu. Soma mkusanyo, weka alama mahali uliposimama na kurudia mstari, kisha mtafute huyo aliyeuandika.

Na mfululizo? Upelelezi kwa kawaida waweza kuanzia popote, maana kila kesi hufungwa yenyewe, na kitabu cha kwanza mara nyingi ndicho mwandishi alikuwa bado anajifunza. Fantasia anza namba moja, hakuna njia ya mkato.

Na ukikosea je?

Utakosea. Swali la kulinganisha kweli ni kukosea kunagharimu muda gani. Nancy Pearl anayo kanuni: kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiache. Ukishavuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, na kinachobaki ndizo kurasa za kukipa. Ukifika miaka 100 unaruhusiwa kuhukumu kwa jalada.

Nilimweleza mjomba. Ana miaka 68. Alipiga hesabu kwa vidole, akafurahi kama aliyerudishiwa kodi: kurasa 32. Nilimpa vitabu vitatu vilivyotoka kwa njia tatu, nisimwambie kipi ni cha nani. Kimoja programu iliniletea, kimoja kilikuwa kwenye orodha ndefu ya tuzo, kimoja nilikipata kwa yule mkutubi baada ya kumsimulia kuhusu mzee mkaidi asiyehama.

Cha programu alikifunga ukurasa wa 32 kamili, katikati ya sentensi. Cha tuzo alikivumilia mpaka 41, nadhani kwa heshima. Wiki iliyofuata nikampigia kuuliza cha tatu kimefika ukurasa gani.

"Shikamoo mjomba. Umefika wapi?"

"Marahaba. Unanisumbua," akasema, akakata.